Nilijibu "nitamwita daktari", kisha nikanyamaza: namna ya kujiandaa kwa usaili wa uuguzi

Swali: "Nilihitimu stashahada ya uuguzi, nikamaliza mafunzo kwa vitendo, kisha nikakaa nyumbani mwaka mmoja na nusu nikimuuguza mama yangu hadi alipopata nafuu. Tangu nianze kutafuta kazi nimeitwa kwenye usaili mara mbili na mara zote sikuchaguliwa. Nilinunua mkusanyo wa maswali na majibu, nikaukariri wote. Kwenye usaili wa pili waliniuliza ningefanya nini iwapo mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji anashuka presha ghafla. Nilijibu kwamba ningemwita daktari, kisha nikanyamaza kwa sababu kichwa kilikuwa kitupu. Wasaili watatu walikuwa wakiandika tu, hakuna aliyetabasamu. Rafiki zangu wananiambia nafasi zilikuwa na wenyewe. Sasa nimeitwa tena, baada ya wiki tatu, kwa nafasi ya wodi ya upasuaji. Nijiandae vipi, na niseme nini kuhusu muda niliokaa bila kazi? Mikono inanitetemeka kila nikiifikiria siku hiyo."

Pole kwa kazi ya kumuuguza mama, na hongera kwa kuitwa tena, kwa maana anayeitwa mara tatu ana wasifu unaokubalika; kinachomkwamisha kiko ndani ya chumba cha usaili. Barua yako ina mambo matatu yaliyoshikana: jibu lililokatika njiani, pengo la mwaka mmoja na nusu, na hofu. Nitakaa zaidi kwenye lile la kwanza, kwa sababu nadhani ndilo lililokukosesha nafasi na ndilo linaloweza kurekebishwa ndani ya wiki tatu.

Jibu lako halikuwa kosa. Kumwita daktari kwa mgonjwa wa aina ile ni lazima, na muuguzi asiyeita msaada anatisha kuliko yule anayeita mapema. Shida ni kwamba sentensi ile moja iliwaachia wasaili maswali yote muhimu bila majibu: utamwita kabla au baada ya kumwangalia mgonjwa? Utamweleza nini? Mgonjwa atakuwa na nani wakati wewe umeshika simu? Daktari akiwa katikati ya upasuaji mwingine utafanya nini? Msaili hawezi kukupa alama kwa jambo unalolijua lakini hukulitamka, hata kama anahisi kwamba unalijua.

Hapo ndipo inapofaa kuelewa walikuwa wakiandika nini. Waajiri wengi wa wauguzi hutumia usaili wenye muundo maalumu, ambamo kila msailiwa huulizwa maswali yaleyale, na kila mjumbe wa jopo huwa na karatasi inayoonyesha mambo anayopaswa kuyasikia katika kila jibu. Utafiti wa miongo mingi kuhusu ajira umeonyesha kwamba usaili wa namna hiyo hubashiri utendaji wa mtu kazini vizuri zaidi kuliko mazungumzo ya kawaida, kwa sababu hauachi nafasi kubwa kwa msaili kumpenda au kumchukia mtu kwa sura. Kwa hiyo wajumbe huinamisha vichwa na kuandika, na wengi hujizuia kutikisa kichwa au kutabasamu ili wasimpe mmoja dalili ambayo mwenzake hakuipata. Nimekaa upande huo wa meza, na naweza kukuambia kwamba msailiwa anayesomeka vibaya ni yule ambaye wajumbe wameshaweka kalamu chini.

Kuhusu nafasi kuwa na wenyewe, sitakudanganya kwamba upendeleo haupo. Upo, na aliyewahi kutafuta kazi anaujua. Hata hivyo, pale ambapo mshindi ameshapangwa, maandalizi yako hayabadilishi chochote, na pale ambapo hajapangwa, maandalizi ndiyo yanayoamua. Huna njia ya kutofautisha sehemu hizo mbili kabla ya kuingia, kwa hiyo jiandae kana kwamba zote ni za haki. Na akitokea mtu anayedai kwamba anaweza kukupatia maswali ya usaili au nafasi yenyewe kwa malipo, achana naye. Wengi wao ni matapeli, na yule ambaye si tapeli anakuingiza kwenye jambo linaloweza kukugharimu leseni.

Sasa, kwa nini kichwa kilikuwa kitupu ilhali ulikuwa umekariri kitabu kizima? Maneno yaliyokaririwa hukumbukwa kwa kuvutwa na kichocheo, na kichocheo chako kilikuwa ni sura ya swali kama lilivyoandikwa kwenye mkusanyo ule. Jopo lilipouliza jambo lilelile kwa maneno mengine, jibu halikuja, sawa na mgeni aliyeelekezwa njia kwa mti mmoja mkubwa akakuta mti umekatwa. Juu ya hilo kuna hofu. Ile sehemu ndogo ya akili inayoshikilia mambo machache kwa muda mfupi ili tuyafanyie kazi hujaa haraka, na mtu mwenye hofu huijaza kwa kujitazama mwenyewe: nimekaa vibaya, sauti inakwama, wananionaje. Nafasi ya kumfikiria mgonjwa hubaki finyu. Kinachosalimika katika hali hiyo ni mambo uliyoyafanya au kuyatamka mara nyingi kwa mpangilio uleule, na ndiyo maana nakushauri uache kukariri majibu na badala yake uzoeze mpangilio mmoja wa kufikiri ambao unaingia katika karibu kila swali la mgonjwa aliyebadilika hali.

Mpangilio huo ulifundishwa chuoni: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha kumfunua mgonjwa na kumkagua mwili mzima. Umepangwa hivyo kwa sababu kinachoua haraka zaidi ndicho kinachotangulia, na ukitatua tatizo katika hatua moja ndipo unapokwenda kwenye inayofuata. Uzuri wake katika usaili ni kwamba haukuhitaji ukumbuke ugonjwa wowote. Hata ukiwa na hofu, unaweza kuanza na njia ya hewa, na neno la kwanza likishatoka la pili hulifuata.

Tuchukue swali lako lenyewe. Tuseme wamekuambia mgonjwa amefanyiwa upasuaji wa tumbo saa nne zilizopita, presha imeshuka hadi 85 kwa 50, na mapigo ya moyo ni 124 kwa dakika. Muuguzi aliyezoea kufikiri kwa sauti anaweza kujibu hivi:

"Kwanza ninakwenda kitandani mara moja na kuzungumza na mgonjwa, kwa sababu akinijibu kwa sentensi kamili najua njia ya hewa iko wazi na fahamu zipo kwa kiasi. Simwachi, ninamwomba mwenzangu aite msaada na kuleta kitoroli cha dharura. Ninahesabu pumzi kwa dakika nzima, ninapima oksijeni, na ninampa oksijeni kwa kufuata mwongozo wa wodi. Kisha naangalia mzunguko wa damu: ninarudia presha na mapigo, ninagusa ngozi kama ni baridi na yenye jasho, ninabonyeza ukucha kuona kama rangi inachelewa kurudi zaidi ya sekunde 2. Ninamlaza chali na kuinua miguu kama hakuna kinachozuia. Ninakagua kidonda, ninapitisha mkono chini ya kiuno na mgongo wake, ninaangalia mrija wa kutoa majimaji na mfuko wa mkojo. Ninahakikisha kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, inafanya kazi. Kwa mgonjwa aliyetoka upasuaji, ninachohofia kwanza ni kuvuja damu, hata kama bandeji ni kavu. Hapo ninampigia daktari wa zamu, ninamweleza nilichokiona na kumwomba aje sasa. Wakati ninamsubiri, ninaandaa maji ya mshipani na vifaa vya kuchukulia damu ya kupima kundi na kuoanisha, ninaendelea kupima kila dakika chache, na ninaandika muda wa kila jambo."

Jibu hilo linachukua kama dakika mbili. Tazama mahali ambapo alama zimejificha. Ule mkono uliopita chini ya mgongo ni jambo dogo, lakini damu hufuata uvutano, na bandeji inaweza kuonekana safi juu ilhali shuka limelowa chini. Msaili aliyewahi kufanya kazi katika wodi ya upasuaji akilisikia hilo hujua kwamba amekaa na mtu aliyewahi kumgusa mgonjwa. Vilevile yale mapigo 124 hayakuwekwa pale kama pambo. Mtu mwenye mwili wenye nguvu anapopoteza damu, moyo huanza kwenda mbio na mishipa hujibana ili presha isishuke, kwa hiyo presha ikishashuka maana yake mwili umeshaanza kushindwa kufidia, na muda uliobaki ni mfupi. Ukisema sentensi moja tu kama hiyo, umeonyesha kwamba unaelewa kwa nini una haraka. Hata kuhesabu pumzi kwa dakika nzima kuna uzito wake, kwa sababu upumuaji ndio kipimo ambacho wengi hukikadiria kwa macho, ilhali mara nyingi ndicho kinachobadilika mapema mgonjwa anapoanza kuharibikiwa.

Kumbuka pia kwamba unajibu kama muuguzi wa ngazi yako. Usijipe mamlaka ya kuagiza dawa au kumrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji ili uonekane hodari. Kauli kama "kwa mujibu wa mwongozo wa wodi" au "kama niko ndani ya mipaka ya kazi yangu" hazikupunguzii heshima hata kidogo.

Sehemu ya kumpigia daktari inastahili mazoezi ya peke yake. Kuna mpangilio wa mawasiliano ulioanzia katika jeshi la majini la Marekani, kwenye nyambizi za nyuklia, na sasa unafundishwa katika hospitali nyingi duniani: hali ilivyo sasa, historia fupi, tathmini yako, na pendekezo lako. Kwa mgonjwa wetu ingekuwa hivi: "Daktari, ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Mgonjwa wa kitanda cha tatu presha imeshuka hadi 85 kwa 50, mapigo ni 124, pumzi 26. Amefanyiwa upasuaji wa tumbo saa nne zilizopita, na wakati anapokewa wodini presha ilikuwa 120 kwa 75. Ngozi ni baridi, mkojo umepungua, ninahofia anavuja damu ndani. Ninakuomba uje umwone sasa hivi. Je, nianze maji wakati ninakusubiri?" Wasailiwa wengi hufika kwenye tathmini wakaishia hapo, wakiona ni utovu wa adabu kumpendekezea daktari. Ni kinyume chake: ombi lililo wazi ndilo linalomtoa daktari kitini. Na ukiulizwa afanyaje muuguzi ambaye daktari hafiki, jibu ni kupanda ngazi, yaani kumjulisha muuguzi kiongozi wa zamu, kumtafuta daktari wa juu yake, na kuandika kila simu uliyopiga na saa yake.

Kwa wodi ya upasuaji, kuna matukio mengine mawili ambayo nisingeingia kwenye usaili bila kuyatamka kwa sauti angalau mara kadhaa. La kwanza ni mgonjwa anayeongezewa damu akaanza kutetemeka, kupata homa au kulalamika maumivu ya mgongo. Hatua ya kwanza, kabla ya simu na kabla ya kupima chochote, ni kusimamisha damu anayoongezewa. Kisha unauacha mshipa ukiwa wazi kwa maji ya chumvi kupitia mrija mpya, unapima, unaita msaada, unalinganisha upya utambulisho wa mgonjwa na lebo ya mfuko, na mfuko pamoja na mrija wake unavihifadhi vipelekwe maabara; wanaovitupa hupoteza alama hapo. La pili ni agizo la dawa lenye hatari. Mfano unaopendwa na majopo ni kloridi ya potasiamu iliyokolea ambayo mtu ameagiza ichomwe moja kwa moja kwenye mshipa. Ikiingia hivyo bila kuchanganywa inaweza kuusimamisha moyo, kwa hiyo hutoi. Unamrudia aliyeagiza kwa heshima, unamsomea agizo lake, unamweleza hofu yako, unamshirikisha muuguzi kiongozi, na unaandika. Hapo wanapima kama unaweza kusema hapana kwa aliyekuzidi cheo bila kugombana naye, na pia bila kutii kimyakimya.

Utaulizwa kuhusu kuzuia maambukizi, karibu bila shaka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilieleza nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya uwezekano wa kugusana na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Zitaje, kisha ongeza mfano wa wodini, kwa mfano kwamba glavu hazichukui nafasi ya kusafisha mikono, maana hilo ndilo kosa linaloonekana kila siku.

Wengine huweka hesabu ya dawa. Kwa mtu aliyekaa mwaka na nusu bila kushika kazi, hesabu hutoka kichwani upesi kuliko mambo mengine yote, kwa hiyo fanya chache kila siku kwa karatasi na kalamu. Lita 1 ya maji kwa saa 8, kwa mrija unaotoa matone 20 kwa mililita, ni 1000 mara 20 gawanya kwa dakika 480, yaani takriban matone 42 kwa dakika. Onyesha njia, kadiria kama jibu linaingia akilini, na sema kwamba kwa dawa za hatari ungemwomba mwenzako ahakiki. Pamoja na hizo, uwe na namba chache ambazo hazikutetereshi: mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, mapigo ya moyo ni 60 hadi 100, kiwango cha fahamu cha Glasgow huanzia 3 na kuishia 15, na mkojo wa mtu mzima haupaswi kuwa chini ya mililita 0.5 kwa kila kilo kwa saa, ambayo kwa mtu wa kilo 60 ni mililita 30.

Maswali yanayoanza na "tueleze wakati ambapo" ni ya aina nyingine, na hayajibiwi kwa kanuni. Yanataka tukio. Tafuta katika kumbukumbu za mafunzo yako matukio matano au sita ya kweli: mgonjwa aliyebadilika hali mbele yako, mgongano na mwenzako, ndugu wa mgonjwa aliyekuja juu, zamu iliyowazidi nguvu, jambo ulilolitilia shaka na ukalisema, jambo lililokuponyoka. Kila moja liandikie hali ilivyokuwa, jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini, na liliishaje. Tukio moja lililoandikwa vizuri linaweza kujibu maswali matatu tofauti. Jihadhari na "sisi". Kwa adabu tuliyolelewa nayo tunaona kusema "mimi" ni majivuno, basi mtu anasimulia "tulimpima, tukamwita daktari", na jopo linabaki halijui kama yeye alikuwa anapima au alikuwa anatazama. Na usitaje jina la mgonjwa wala maelezo yanayoweza kumtambulisha; wajumbe hulisikiliza hilo hata wasipolitaja, kwa kuwa anayemwaga siri za wagonjwa wa jana atazimwaga na za kesho.

Ukiulizwa kuhusu kosa ulilolifanya, usijibu kwamba hujawahi. Hakuna anayeliamini, na wajumbe husikia kwamba makosa yako huyafichi tu kwao bali hata kwako mwenyewe. Chagua tukio la kweli lisilo la kutisha, kwa mfano dawa uliyogundua kabla ya kuitoa kwamba ilikuwa ya kitanda jirani, na ueleze ulitoa taarifa kwa nani na ulibadilisha nini katika namna yako ya kufanya kazi. Swali la udhaifu nalo ni hivyohivyo: lile jibu la "udhaifu wangu ni kupenda kazi kupita kiasi" limesikika mno, heri useme kwamba kukabidhi zamu kwa mdomo kulikuwa kunakupa shida na ulianza kutumia karatasi yenye vichwa vya habari.

Sasa pengo. Una njia tatu. Unaweza kulificha kwa kurefusha tarehe za mafunzo, na hiyo nakukataza moja kwa moja, kwa sababu tarehe huhakikiwa na uongo mdogo katika kazi inayotegemea kumbukumbu za kweli haulinganishwi na uongo mdogo mahali pengine. Unaweza kueleza kwa kirefu ugonjwa wa mama na mateso ya familia, ambayo itawagusa wasaili kama binadamu lakini haitawapa cha kuandika. Au unaweza kusema kwa ufupi, bila kuomba radhi, kisha ukageukia utayari wako: "Baada ya mafunzo nilikaa mwaka mmoja na nusu nikimuuguza mzazi ambaye sasa amepata nafuu na hanihitaji tena muda wote. Leseni yangu ni hai. Najua kwamba mikono yangu inahitaji kurudi kwenye kasi, kwa hiyo nimerudia mafunzo ya kuokoa maisha na ningefurahi kupewa muuguzi mzoefu wa kunisimamia majuma ya mwanzo." Ninaipendelea njia hii ya tatu, mradi kila unachokitaja uwe umekifanya kweli. Kama hujarudia mafunzo ya kuokoa maisha, yatafute ndani ya wiki hizi tatu. Kama leseni imepita muda, hilo litangulie mambo mengine yote.

Je, kumuuguza mama ni uzoefu wa kazi? Nakushauri usiliuze hivyo, kwa sababu nyumbani hukuwa na faili, zamu wala wagonjwa wengine. Lakini ulikaa upande ambao wauguzi wengi hawaujui, ukisubiri majibu kwenye korido bila kuambiwa kinachoendelea. Ukiulizwa kuhusu mawasiliano na ndugu wa wagonjwa, tumia hilo.

Itatokea swali usilolijua. Wengi wanadhani "sijui" ni mwisho wa usaili, wanaanza kubuni, na kubuni ndiko kunakowaondoa, kwa kuwa jopo linapata picha ya mtu atakayebuni na dozi. Sema kwamba hujakutana nalo, taja unachokijua kilicho karibu nalo, na mahali utakapothibitisha: mwongozo wa wodi, mfamasia, muuguzi kiongozi.

Mavazi na nyaraka sina mengi ya kusema: nguo safi za heshima, kucha fupi, vyeti vyenye majina yanayofanana, na kufika mapema. Yakiwa sawa hayakupi alama. Yakiwa kombo yanakunyima. Mwishoni wakikuruhusu kuuliza, uliza muuguzi mpya husimamiwa kwa muda gani na nani, na zamu ya usiku huwa na wauguzi wangapi kwa wagonjwa wangapi. Majibu yake utayahitaji kuamua kama uikubali kazi yenyewe, kwa sababu mtu aliyetoka kwenye pengo akitupwa peke yake usiku kwenye wodi iliyojaa anaweza kuumia, na mgonjwa pia. Mshahara uache hadi wauzungumzie wenyewe au wakupe nafasi.

Mazoezi yenyewe yafanye kwa mdomo. Kusoma kwa macho hukupa hisia ya kujua, lakini usaili unadai kutoa, na kutoa ndiko kunakoimarisha kumbukumbu. Jirekodi kwa simu ukijibu swali moja, sikiliza, jibu tena. Wiki ya kwanza itumie kwa matukio ya dharura na hesabu, ya pili kwa simulizi zako, na ya tatu mtafute mtu akae mbele yako akuulize bila kutabasamu. Mtu huyo asiwe rafiki anayekuhurumia. Mwalimu wako wa zamani au muuguzi mzoefu wa upasuaji atagundua ndani ya nusu saa jambo ambalo mimi kwa maandishi siwezi kuliona, kwa mfano kama unakimbia, kama unaruka tathmini, au kama kuna mahali elimu yenyewe imepungua. Ikiwa ni ya vitendo, kama kuweka kanula au mpira wa mkojo, omba ruhusa ya kurudi kwenye maabara ya mazoezi ya chuo. Kozi za kulipia za usaili zinaweza kumfaa asiye na mtu wa kumsikiliza, lakini wewe mwenye walimu na wenzako huzihitaji.

Kuhusu mikono, kutetemeka kidogo ni kazi ya adrenalini na wasaili wameshaliona mara nyingi. Siku yenyewe, toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta kabla hujaingia. Ndani, una haki ya kuomba swali lirudiwe, na una haki ya kusema "naomba nifikiri kidogo", kisha ukaanza na njia ya hewa. Usimeze dawa za kupunguza mapigo ya moyo ambazo watu hupeana kwa ajili ya usaili. Propranolol, kwa mfano, inaweza kuibana mirija ya hewa ya mwenye pumu na kushusha presha, na wewe unajua hilo kuliko anayekupa. Kama inahitajika, aiandike daktari aliyekupima.

Lakini umeandika kwamba unatetemeka kila ukiifikiria siku hiyo, wala si siku yenyewe tu. Ikiwa hali hiyo imekukosesha usingizi kwa wiki kadhaa, inakufanya uache kutuma maombi, au inakuja na mapigo ya ghafla, kubanwa kifua na hisia ya kufa, basi maandalizi peke yake hayatoshi. Miezi mingi ya kumuuguza mzazi huwachosha watu kwa namna ambayo hujitokeza baadaye, wakati mgonjwa ameshapona. Nenda ukaonane ana kwa ana na daktari au mtaalamu wa afya ya akili, umweleze na habari ya mama, usiishie kwenye usaili tu. Na ukipewa matibabu yatakayovuka zile wiki tatu, yaendeleze hata baada ya kuajiriwa.